Mia moja na kumi na tano!

Mwezi huu naomba tuache kidogo mambo ya wivu na simu za usiku, niwasimulie yaliyonikuta ukweni, Lusewa, kule Namtumbo, ambako wazee bado wanasema tu Songea.

Kabla ya safari nilikuwa nimepima sukari, damu ya mshipani, sijala kitu tangu usiku. Karatasi ikaandika 6.4. Daktari akasema bado si kisukari ila naelekea huko, nipunguze uzito, nirudi baadaye. Basi. Nikaikunja, nikaitia kwenye pochi, na baba watoto sikumwambia. Najua mtanisema. Lakini baba mkwe alikatwa mguu kwa ugonjwa huu kabla hajafariki, na mume wangu hata jina lake hapendi kulisikia.

Lusewa tukamkuta wifi kaja likizo kutoka Marekani na mashine yake ya kupimia sukari. Asubuhi kabla ya chai akaanza kutoboa watu vidole kama mchezo. Zamu yangu ikafika: 115.

Jamani! Mama mkwe akaweka birika chini. "Mwanangu, mia na kumi na tano? Marehemu walimkimbiza hospitali akiwa na ishirini na mbili!" Kikombe changu kikaondolewa. Mume wangu akanyanyuka, akatoka nje kimya.

Nami nilitetemeka. Wiki tatu zilizopita nilikuwa sita, leo mia? Nikampigia shoga yangu, nesi, Songea mjini. Akacheka mpaka nikakasirika. "Mashine ya Marekani hiyo! Wenzetu wanahesabu miligramu kwenye desilita, sisi milimoli kwenye lita. Gawa kwa 18."

Nikagawa. 6.4. Ileile!

Nikambana anieleze yote. Ukiwa hujala saa nane au zaidi, Shirika la Afya Duniani linasema 6.1 hadi 6.9 ndiyo hiyo njia panda yangu. Kuanzia 7.0 ni kisukari, ila kama huna dalili unarudia kipimo siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Wamarekani wao wanaanza kukuonya kwenye 5.6. Halafu kuna kipimo cha wastani wa miezi kama mitatu, HbA1c, kinachotoka kwa asilimia: kwa Wamarekani 5.7 hadi 6.4 ni tahadhari. Hapo ndipo wengi tunachanganya, maana asilimia 6.4 siyo 6.4 yangu mimi. Na mwenye selimundu au upungufu wa damu aseme mapema, kipimo hicho kinaweza kumdanganya.

Jioni wifi akanipima tena, nimetoka kunywa togwa: 150. Nesi akasema, hiyo usiilinganishe na ya asubuhi. Na mashine hizi za nyumbani zinaruhusiwa kupotoka hata asilimia 15, kwa hiyo leo 6.4 kesho 6.0 usishangilie kwamba umepona.

Habari njema ipo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwachukua watu wa njia panda kama mimi. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa vidonge vya metformin, asilimia 31. Mimi nina kilo 84. Kwangu ni kilo sita tu, shoga!

Nikamfuata mume wangu chini ya mwembe na karatasi yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona marehemu baba."

Akakaa kimya muda. "Ndivyo nilivyokuona leo asubuhi."

Tukaanza kutembea wote alfajiri, njia ya mashambani, watu wakituuliza nani kafiwa. Siku ya mwisho, kabla ya chai, akamnyooshea dada yake kidole mwenyewe, hajaombwa na mtu. Mashine ikaandika 131.

Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Mama mkwe ndiye aliyeagiza kalamu. "Gawa kwa kumi na nane," akasema. Ikatoka 7.3.

Jumatatu tunakwenda maabara, damu ya mshipani, wote wawili tukiwa na njaa. Mungu akipenda, mwezi ujao nitawaambia.