Daktari Yupo, Mwalimu Hayupo



Siku hizi hakuna mkutano wa walimu unaokwisha bila mtu kusimama akatangaza kwamba amejiunga. Hapana haja ya kuuliza amejiunga na nini. Amejiunga na chuo kikuu cha ng'ambo, kwa njia ya mtandao, kutafuta shahada ya udaktari katika uongozi wa elimu. Makofi hupigwa. Tangu siku hiyo jina lake hubadilika: huitwa Daktari kabla hajaandika hata sura ya kwanza, na sisi tuliozoea kumwita Mwalimu twaanza kuona haya kumwita hivyo, kana kwamba tumemtukana.

Jambo hili nataka kulipinga, tena nilipinge hadharani katika kurasa hizi, maana ukumbini nilinyamaza.

Najua nitakaloambiwa. Mimi ni mwalimu wa stashahada. Umri wangu umepita arobaini. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya serikali upande wa mashariki ya Uganda. Nitaambiwa nimefanana na yule sungura wa hadithi aliyezitazama ndizi juu akasema, "Sizitaki mbichi hizi." Haya, na iwe hivyo. Lakini sungura naye aliruka kabla ya kuondoka. Nami niliruka, na nilivyoruka nitaeleza.

Kwanza niliweke kando jambo lisilo na ugomvi. Sina neno na elimu ya masafa. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiofika madarasani kwake tangu mwaka 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilishika kazi ya kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Nelson Mandela alipata kwacho shahada ya sheria mwaka 1989, angali mfungwa. Makerere yetu ilifungua mlango wa shahada ya elimu kwa walimu wa nje mwaka 1991, na jirani zetu wa Tanzania wakaunda Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992. Mama aliye Moroto, mwenye watoto watatu na vipindi ishirini na nne kwa juma, hawezi kufunga virago akakae Kampala miaka mitatu. Mtandao ukimfikishia masomo pale alipo, na tuushukuru. Mtu anayesema kwamba shahada ya mtandaoni ni shahada ya mchezo kwa kuwa tu ni ya mtandaoni, huyo hajui asemalo, na mimi si mwenzake.

Ninalouliza ni kile kinachosomwa, na nani anayebaki na darasa wakati kinaposomwa.

Shahada hii ya Daktari wa Elimu ni mzaliwa wa Marekani. Harvard ilianza kuitoa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nayo ikaenea kwa sababu iliyoeleweka huko. Nchi ile shule zake zimegawanywa katika wilaya za elimu. Kila wilaya ina bodi, ambayo mara nyingi huchaguliwa na wananchi, na bodi huajiri msimamizi mkuu. Bwana huyo hushika bajeti itokanayo kwa sehemu kubwa na kodi za nyumba na ardhi, hujadiliana na chama cha walimu juu ya mikataba, hupanga hata njia za mabasi ya wanafunzi. Kwake udaktari ni joho la kazi yake, na mara nyingi ni nyongeza ya mshahara pia.

Hata huko joho hilo limepigiwa kelele. Mwaka 2005 Arthur Levine, aliyekuwa mkuu wa Teachers College ya Columbia, chuo chenye heshima kubwa katika mambo ya elimu, alitoa ripoti juu ya namna viongozi wa shule wanavyoandaliwa. Hakuficha kitu. Alipendekeza kwamba udaktari huu wa uongozi ufutwe kabisa, kwa kuwa ulikuwa umetiwa maji mno, na tena kuendesha shule hakuuhitaji. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vikaungana kuurekebisha, vikitaka tasnifu ishughulikie tatizo halisi la kazini badala ya kuwa kivuli cha tasnifu ya falsafa. Harvard yenyewe imekwisha kuacha kuandikisha wanafunzi wa shahada ile ya kale. Mzazi kamwacha mwana. Sisi ndio tunaogombania kumlea.

Sasa tumrudie mwenzetu wa hapa. Mkuu wa shule ya sekondari ya serikali nchini Uganda hateuliwi na bodi ya wananchi. Huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Elimu, na Wizara yaweza kumhamisha. Tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, na ya sekondari mwaka 2007, shule nyingi huishi kwa ruzuku ya serikali inayohesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, nayo mara nyingi hutufikia muhula umekwisha kuanza. Mabasi hatuna ya kuyapangia njia. Hata hivyo rafiki yangu mmoja (sitamtaja, maana ni rafiki kweli) alitumia majuma manane akiandika insha za kujadili mikataba ya walimu katika wilaya ya elimu ya huko, akipewa alama nzuri na mwalimu asiyepata kumwona. Nilimwuliza imemfaa nini. Akanijibu, "Ni ya kupita tu, ndugu yangu." Fedha alizolipa kwa hayo majuma manane zingemsomesha mtoto wake muhula mzima.

Na hizo fedha zina ujanja wake. Vyuo vingi vya namna hii hutoza kwa kila kipimo cha somo, na bei ya kipimo kimoja ndiyo unayoonyeshwa mlangoni. Masomo yakiisha, huanza tasnifu, na katika tasnifu mwanafunzi huendelea kulipa kila muhula mpaka ikubaliwe. Msimamizi akichelewa kujibu, anayelipa ni mwanafunzi. Umeme ukikatika siku ya kuwasilisha sura, anayelipa ni mwanafunzi. Mwaka 2023 Idara ya Elimu ya Marekani ilikitoza chuo kikuu kimoja kikubwa cha nchi hiyo faini ya dola milioni 37.7, ikidai kwamba kiliwapotosha wanafunzi wa udaktari juu ya gharama halisi. Chuo kilikana, na mwaka 2025 faini ikafutwa. Sisemi nani alikuwa mkweli. Nasema kwamba wenye nchi, wanaoijua lugha na sheria zao, walibishana karibu miaka miwili juu ya bei ya shahada. Wewe uliye Iganga, uliyekopa katika chama cha akiba na mikopo ukaweka rehani hati ya mshahara, utamshitaki nani, na katika mahakama gani?

Nisije nikaonekana sina huruma, nitaje na kiini cha mbio hizi. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari za serikali alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa sanaa na lugha hatukuwamo. Walimu waligoma mwezi wa Juni mwaka huo huo, nasi sote twakumbuka tulivyorudi. Mwalimu wa lugha akitazama mbele yake haoni ngazi ndani ya darasa. Anaiona nje, kwenye ofisi. Basi hutafuta karatasi ya kumtoa ubaoni. Hilo nalielewa, na aliyeugawa mshahara namna ile ana sehemu yake ya lawama. Ila tusiite uongozi kile ambacho kwa kweli ni kutoroka.

Maana watoto wanabaki. Kiswahili kimetangaziwa mengi katika nchi hii: lugha ya taifa kwa amri ya mwaka 1973, lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, somo la lazima katika madarasa ya kwanza ya sekondari kwa mtaala mpya wa mwaka 2020, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya lugha rasmi. Matangazo hayakupungua kamwe. Pungufu ni watu wa kusimama mbele ya darasa. Shuleni kwetu tulikuwa wawili. Mwenzangu alipoanza masomo yake alipewa kiti ofisini, "amsaidie mkuu katika mambo ya utawala," nami nikaunganishiwa mikondo miwili ya kidato cha kwanza, watoto tisini na sita katika chumba kimoja. Siku nikiumwa, watoto tisini na sita hukaa wakitazama ubao mtupu, na hatua thelathini kutoka hapo yuko mwalimu mzuri wa Kiswahili, hodari wa ushairi kuliko mimi, akiandika kwa Kiingereza juu ya uongozi wa kimageuzi.

Huo uongozi wa kimageuzi naujua, kwa kuwa niliutafsiri. Alinijia na hojaji akaniomba niigeuze kwa Kiswahili ili wazazi wa bodi nao waijaze. Nilikesha usiku wa pili. Mzazi mmoja, mzee wa heshima, alisoma swali la kwanza akalirudisha karatasi mezani kwa vidole viwili: "Mageuzi haya ni ya serikali? Mimi hayo sitii sahihi." Yangu niliijaza mwenyewe. Swali lilikuwa ni kwa kiasi gani mkuu wangu ananitia moyo, kuanzia 1 hadi 5. Niliweka 4, na nasema wazi kwa nini: mkuu alikuwa amesimama dirishani. Nne yangu hiyo leo imo ndani ya jedwali, imetafutiwa wastani, imetetewa mbele ya jopo lililo upande wa pili wa dunia. Tasnifu ilipokwisha hatukuletewa hata ukurasa. Hiyo ilikuwa hojaji ya tatu kwangu katika miaka minne, na katika watafiti hao watatu hakuna aliyeingia darasani mwangu hata kwa dakika tano.

Niliahidi kusimulia nilivyoruka. Baada ya yale makofi ya ukumbini, nami niliandika kuulizia. Jibu lilikuja siku ile ile, na ndilo lililopaswa kunishtua. Nikaambiwa kwamba uzoefu wangu wa miaka ishirini utahesabiwa, kwamba stashahada yangu "inatosha kwa kuzingatia mafanikio ya maisha", na kwamba nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi nitapata udaktari katika miezi tisa. Nakiri kwamba sikucheka. Nilijitazama katika kioo nikajiita jina hilo jipya. Nilikwenda hadi dirishani kwa chama chetu cha mikopo na fomu mkononi. Karani, binti niliyemfundisha mwenyewe, akauliza kwa adabu, "Samahani Mwalimu, chuo hiki kiko mji gani?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Sikuujua. Baadaye ndipo nilipokumbuka habari ya mwaka 2015, magazeti yalipofichua kampuni ya Karachi iitwayo Axact iliyouza shahada za vyuo visivyokuwako, kwa watu wa nchi nyingi. Nchini kwetu liko Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo kazi yake mojawapo ni kupima shahada za nje. Swali lipelekwe huko kabla ya fedha kutoka, si baada ya joho kushonwa.

Nawajua watakaosema kwamba nawafungia wenzangu njia. La hasha. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada ya kwanza. Mimi ninayeandika haya ni katika wanaodaiwa hiyo shahada, na ninaitafuta, ya Kiswahili na elimu, kwa masomo ya likizo. Anayetaka udaktari autafute. Ila chama chetu kisimpigie makofi mtu kwa kujiunga tu. Kimwulize kwanza nani atashika vipindi vyake. Kimtake, akimaliza, aje asome matokeo mbele ya wale waliomjazia hojaji, kwa lugha waliyojazia. Wala asiseme kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya kiwango hicho: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwisha kupokea tasnifu nzima zilizoandikwa kwa Kiswahili, na mwaka 1952, kabla wengi wetu hawajazaliwa, ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamishia makao yake hapo hapo Makerere. Tulikuwa wenyeji wa shughuli hii. Siku hizi tunajifanya wageni.

Naandika haya Jumapili jioni. Juu ya madaftari ya kidato cha kwanza iko hojaji nyingine, ya nne, kutoka kwa mwalimu wa shule ya jirani. Kurasa kumi na moja, kuanzia 1 hadi 5. Nimempelekea ujumbe kwamba sitaijaza mezani kwangu. Alhamisi nina vipindi viwili vya mikondo iliyounganishwa, kuanzia saa nane mchana. Aje akae nyuma, karibu na dirisha lisilo kioo, avisikilize vyote viwili, kisha tutajaza pamoja. Bado hajajibu.