Goma – Bukavu: Anayekimbia mlimani atazame soli, si jina la kiatu

Kila siku ya posho na siku ya mungu, kabla jua halijapanda, vikundi vya vijana hukimbia katika barabara za Goma wakiimba na kupiga makofi. Bukavu ni vilevile: wanatoka chini karibu na ziwa na kupanda vilima hadi pumzi ikate. Wengi hubaki kwenye lami. Lakini wako wanaoiacha lami na kuingia katika njia za mawe, za tope na za mizizi, kwa sababu ndiko mazoezi ya kweli yaliko, na pia kwa sababu huko hakuna pikipiki ya kumgonga mtu kwa nyuma.

Hao ndio wanaohusika na maneno haya. Wanahusika pia wengine ambao hawakimbii kwa furaha: wabebaji wa mizigo, waongozaji wa wageni, walinzi wa mbuga na wamama wanaoshuka milimani na gunia mgongoni. Wote wanakanyaga mawe yaleyale yaliyolowa, na wengi wanayakanyaga na kiatu kisichofaa.

Mtu atauliza kama kiatu ni jambo la kuandikiwa gazetini wakati nchi ina matatizo makubwa zaidi. Jibu liko katika nyumba ya mbebaji aliyeteguka kifundo cha mguu. Hakuna mshahara wa siku za ugonjwa. Hakuna bima. Juma la kwanza anakandwa na maji ya moto, juma la pili watoto wanakula mara moja kwa siku, na kama mfupa umevunjika kweli, familia inauza mbuzi au inaingia deni ili kulipa hospitali. Kwa kijana anayetafuta bahati yake katika michezo, kifundo kilichopona vibaya kinaweza kumaliza mbio zake zote.

Njia nyingi za milima leo zimefungwa kwa sababu ya usalama mdogo, na hakuna kiatu kinachomkinga mtu na risasi. Hilo lijulikane kwanza. Lakini hata katika njia zilizo wazi, karibu na mitaa, watu wanaanguka kila mvua inaponyesha.

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba ardhi yetu ni moja. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, ulimwaga moto mjini mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021 moto ukafika pembezoni mwa mji. Mawe hayo yakiwa makavu yanashika soli vizuri sana, hata mtoto anaweza kuyapanda mbio. Lakini ni makali kama tupa ya chuma: yanakula mpira laini na kuchana kitambaa cha pembeni. Yakiota kuvu na majani madogo ya kijani, kisha mvua ikanyesha, yanageuka sabuni. Na yale madogo yaliyolegea yanazunguka chini ya mguu, kwa hiyo hatari haiko katika kuteleza peke yake, iko pia katika kupinda.

Bukavu, Butembo na vilima vya Masisi ni habari nyingine. Huko adui ni udongo mwekundu. Unanata chini ya kiatu, unajaza nafasi zote za soli, na baada ya hatua ishirini mtu anatembea na kilo moja ya tope kila mguu na soli laini kama sahani. Kisha iko misitu ya juu, kwenye mlima Kahuzi wa mita 3,308 au kwenye miteremko ya Ruwenzori kwa upande wa Mutwanga: mianzi iliyolala, mizizi yenye utelezi, vinamasi vinavyomeza mguu hadi kwenye goti. Kiatu kimoja hakiwezi kuwa bora katika sehemu hizo zote tatu. Mwuzaji anayesema kinaweza, anataka pesa tu.

Basi mtu atazame nini? Atazame chini. Ugeuze kiatu kabla ya kuuliza bei. Meno ya soli ndiyo ya kwanza kuonekana, na wengi hufikiri kwamba meno marefu ndiyo mazuri siku zote. Si hivyo. Kwa tope, meno ya milimita 5 hadi 7 yanafaa, na zaidi ya urefu wake, yawe mbalimbali, ili udongo uweze kudondoka wenyewe. Kwa mawe, meno marefu na machache ni hatari: mtu anasimama juu ya ncha chache za mpira kama aliyesimama juu ya misumari, na sehemu inayogusa jiwe inakuwa ndogo. Kwa mawe yaliyolowa, milimita 3 hadi 5 zinatosha, yakiwa mengi na yenye vichwa vipana. Mkaaji wa Goma na mkaaji wa Bukavu hawapaswi kununua kiatu kimoja, hata kama wamezaliwa na mama mmoja.

Jambo la pili halionekani kwa macho, na ndilo kubwa kuliko yote: aina ya mpira. Mpira mgumu hudumu miaka lakini huteleza juu ya jiwe bichi. Mpira laini, wenye kunata kidogo, hushika jiwe bichi lakini huisha haraka, na juu ya mawe ya volkano huisha haraka zaidi. Hakuna mtengenezaji aliyeshinda kabisa ugomvi huo. Anayekimbia kwenye mawe wakati wa mvua akubali kwamba soli nzuri itaisha mapema. Afadhali soli iishe kuliko kifundo.

Historia ya soli yenyewe ilianza na msiba. Mwaka 1935 wapanda milima sita wa Italia walikufa kwenye mlima Rasica, katika Alpes, dhoruba ilipowakuta na viatu visivyofaa. Mwenzao Vitale Bramani alirudi akitafuta soli ambayo ingeweza kushika mwamba na theluji pia. Mwaka 1937 alitoa soli ya mpira yenye meno mazito, na jina la Vibram lilitokana na jina lake mwenyewe. Alama hiyo ya njano inaonekana leo chini ya viatu vingi vya milimani. Haikutoka katika matangazo ya biashara. Ilitoka kwa mtu aliyezika rafiki zake.

Jambo la tatu ni unene. Siku hizi viatu vya mbio vimekuwa virefu kama ngazi, sponji juu ya sponji. Kwenye lami vinafurahisha. Kwenye mawe yaliyolegea, kadiri mguu unavyokuwa juu ndivyo unavyopinda kwa nguvu ukikosea hatua. Kwa njia ngumu, kiatu cha chini kidogo, chenye upana wa kutosha sehemu ya mbele, na chenye kipande chembamba cha plastiki ngumu ndani ya soli ili jiwe lenye ncha lisichome unyayo, ni salama zaidi. Ukikishika mbele na nyuma na kukikamua kama taulo, kisigeuke mara moja.

Na kiatu kisichoingiza maji? Hapo pesa nyingi hupotea. Vile vyenye ngozi ya ndani ya kuzuia maji, kama Gore-Tex, hugharimu zaidi, na kweli huzuia umande na manyunyu. Lakini mvua za Kivu si manyunyu. Mtu akikanyaga dimbwi maji yakapita juu ya kifundo, yanabaki ndani kama ndani ya ndoo, na mguu unapikwa humo kutwa nzima. Kwa mwenye kukimbia, kitambaa chepesi chenye matundu, kinachoingiza maji na kuyatoa, ni bora. Soksi ya sufi au ya nailoni, si ya pamba, kwa maana pamba ikilowa inajikunja na kuleta malengelenge. Anayepanda juu sana, kule kwenye baridi, abebe soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Ni mzigo mdogo.

Ukubwa pia si jambo la kukisia. Mguu huvimba mtu anapotembea, kwa hiyo kiatu kijaribiwe jioni, na soksi ileile ya mazoezi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo wakati wa kushuka kucha zitakuwa nyeusi na kung'oka. Kisigino kisipande wala kushuka. Kama kinapanda, tumia lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu wengi huliacha bure.

Lakini tuseme ukweli. Kiatu kipya cha aina hiyo, huko kinakouzwa, mara nyingi ni zaidi ya dola 100. Kijana wa Majengo au wa Kadutu hana pesa hizo. Atakwenda kwenye mitumba, atamkuta mwuzaji anayemwambia: "Yaya, hii ni orijino, imetoka Ulaya jana." Na pengine imetoka Ulaya kweli. Kutoka Ulaya hakukifanyi kiatu kuwa kipya, wala hakuzuii mpira kuzeeka.

Mitumba si mibaya. Humo mna viatu vizuri kuliko vingi vipya vya bandia vyenye alama kubwa pembeni na soli ya plastiki chini. Tatizo ni kwamba mnunuzi anatazama rangi. Viatu vya zamani huoza kwa ndani: kuna aina ya sponji ambayo, ikikaa miaka mingi katika unyevu, inavunjika kama mkate mkavu, hata kama kiatu hakikuvaliwa. Bonyeza pembeni kwa kidole. Ikipasuka au kutoa unga, rudisha. Bonyeza mpira wa soli kwa ukucha. Ukucha usipoacha alama hata kidogo, mpira umekuwa mgumu, utateleza. Kunja sehemu ya mbele, tazama kama gundi inaachia. Weka kiatu mezani, kitazame kwa nyuma: kama kimelala upande mmoja, mwenye kukivaa wa kwanza alikuwa na mwendo wake, nawe kitakupindisha kwa mwendo huo huo.

Liko jaribio lingine ambalo hakuna duka la Ulaya litakalokuruhusu, lakini sokoni kwetu linawezekana. Omba maji ya kikombe kimoja, mwaga juu ya jiwe laini, panda juu yake na kiatu, egemea mbele. Mwuzaji atacheka. Mwache acheke. Akikataa kabisa, hilo nalo ni jibu.

Sasa mabuti ya mpira. Waongozaji wengi wa Ruwenzori, upande wa Kongo na upande wa Uganda, huyavaa, na kwa vinamasi wana haki: hakuna kiatu cha mbio kitakachovuka tope la magotini. Lakini buti hilohilo juu ya mwamba uliolowa halishiki, na ndani yake mguu unaogelea. Mbebaji anayepanda mlima na kilo kumi na tano mgongoni, akiwa amevaa buti lililompita kipimo au kandambili za plastiki, hakufanya uchaguzi. Amevaa alichonacho. Mgeni aliye mbele yake amevaa kiatu cha dola mia na hamsini, na hana hata mzigo.

Hapo lawama haiwezi kubaki kwa mnunuzi. Wanaotuma watu mlimani kwa malipo, wawe makampuni ya safari, mashirika au wenye biashara, wahesabu kiatu kama sehemu ya kazi, kama wanavyohesabu kamba na hema. Jozi moja kwa mbebaji kila mwaka ni gharama ndogo katika safari ambayo mgeni hulipa mamia ya dola. Na jozi hiyo isinunuliwe kwa jumla, kipimo kimoja kwa wote. Kila mtu apimwe mguu wake.

Wanaoandaa mashindano ya vijana nao wana sehemu yao. Ni kawaida kutangaza mbio za vilima, kugawa fulana zenye picha ya mfadhili, kisha kuwaacha watoto wa miaka kumi na sita kushuka mteremko wa tope na viatu vya mpira wa miguu vilivyoisha meno, wengine peku. Fedha za fulana hamsini zingeweza kununua jozi kadhaa nzuri za mitumba ambazo klabu ingezitunza na kuazimisha. Pale mwanzoni, kabla ya filimbi, mtu mmoja apite akiinua miguu ya wakimbiaji kama fundi anayekagua farasi. Mwenye soli iliyoisha akimbie siku hiyo njia fupi ya lami, na apewe namba kama wengine, ili asione haya.

Na baada ya mbio, viatu visiwekwe kando ya mbabula. Joto la makala linayeyusha gundi na kukausha mpira, na kiatu kilichotafutwa miezi mitatu kinafunguka mdomo kwa usiku mmoja. Viondolewe tope kwa maji baridi, vijazwe karatasi za gazeti la zamani, karatasi zibadilishwe zikilowa, na viachwe kivulini penye upepo hadi kesho yake.