Ubingwa wa 1986 na Mwalimu Ambaye Rungwe Haikumwajiri

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, ilitwaa ubingwa wa ligi ya juu ya soka Tanzania Bara. Tukuyu haikuwa hata makao makuu ya mkoa. Ilikuwa mji wa wilaya, penye mvua nyingi, chai na ndizi. Ubingwa huo haukurudi tena Rungwe.

Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba Simba na Yanga ziliwachukua wachezaji, nasi tukabaki na picha. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Mchezaji kufuata malisho bora ni haki yake, kama ilivyo haki ya mhasibu au daktari. Swali la sera ni jingine: mchezaji huyo anapotundika daluga, akiwa bado na nguvu na kichwa kilichojaa maarifa, ni mlango upi wa umma unaomfungukia?

Tutazame mfano wa mbali. Amos Alonzo Stagg, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1862, alicheza besiboli na kandanda la Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Yale. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango yake mwaka 1892, rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alimwajiri Stagg kama mwanataaluma mwenye ajira ya kudumu, akiongoza elimu ya viungo. Alifundisha kandanda hapo hadi mwaka 1932, na kwa miaka mingi alifundisha pia besiboli na riadha. Zingatieni kilichofanyika: chuo hakikununua ushindi wa Jumamosi moja, kiliyapa maarifa ya mchezaji nafasi katika muundo wa utumishi. Aliyecheza michezo miwili akawa mwalimu wa vizazi vingi.

Rungwe haikukosa mahali pa kufanya jambo kama hilo. Wilaya ina vyuo vya ualimu vya Mpuguso na Tukuyu. Kuna shule za msingi zinazoingia UMITASHUMTA na sekondari zinazoingia UMISSETA. Taifa lina Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Kinachokosekana ni daraja la kumvusha mchezaji mstaafu kutoka uwanjani hadi darasani. Shuleni kwetu somo la michezo mara nyingi hukabidhiwa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, huku mtu aliyewahi kucheza mbele ya maelfu akipita nje ya uzio.

Nitajibiwa kwamba mchezaji mzuri si lazima awe mwalimu mzuri, na kwamba utumishi wa umma una sifa zake. Nakubali. Stagg mwenyewe alikuwa na shahada, na kabla ya kwenda Chicago alipitia chuo cha Springfield, kulikobuniwa mpira wa kikapu mwaka 1891. Hoja yangu si kufuta vyeti. Tuwawezeshe wastaafu kuvipata: mafunzo mafupi ya ualimu wa michezo, kisha mkataba wa muda wa kuhudumia shule tano au sita za kata jirani, chini ya afisa michezo wa halmashauri. Mapato ya ndani yanayotokana na mazao yetu yanaweza kubeba mikataba michache, iwapo baraza la madiwani litaamua kuwa elimu ya viungo ni elimu.

Wakati unaturuhusu. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeingiza mkondo wa amali katika sekondari. Amali haijifunzwi kwa daftari peke yake, humhitaji fundi. Katika michezo, fundi ni yule aliyecheza.

Mtumishi wa umma anaweza kuanza kwa kuorodhesha wachezaji wastaafu waliomo wilayani mwake. Mwanaharakati anaweza kuuliza, kwenye kikao cha bajeti, fungu la michezo linalipa nini zaidi ya jezi na posho za safari. Mwanafunzi wa historia achukue kinasa sauti aende Tukuyu, kwa sababu aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1986 sasa amevuka 60. Tusipomsikiliza wala kumpa wanafunzi akiwa hai, tutabaki kumsifu msibani kwa maarifa ambayo hatukumwomba atufundishe.