Donge kooni na bunduki za Mlima Elgon

Juma lililopita nilikuwa safarini kutoka Kitale kwenda Bungoma kwa matatu. Kiti cha nyuma yangu kilikaliwa na vijana wawili, wanafunzi bila shaka, kwani mikoba yao ilijaa vitabu. Walikuwa wameinamia simu moja ya mkononi wakitazama mchezo wa Kikorea uitwao Trigger, ule ulioanza kuonyeshwa Julai 2025 na ambao sasa nausikia ukitajwa hata kwenye veranda za mabweni. Tulipopita Kiminini, mlima ukiwa umesimama upande wetu wa kulia, mmoja wao aliniinamia akasema, "Samahani, mwalimu, hebu tuamulie. Mtu akinyanyaswa hadi akakosa pa kusemea, kisha akachukua bunduki, kosa ni la nani?"

Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja aliyeketi mbele na kikapu chake mapajani aligeuka, akasema kwa utaratibu, "Wanangu, mngalikuwako Cheptais mwaka ule, msingaliuliza swali hilo." Hakuongeza neno. Alishuka Kamukuywa, penye njia ya kwenda Kimilili, na sisi tukaendelea na safari kimya kimya.

Ningependa kulijibu swali la kijana huyo hapa, kwa kuwa ndani ya gari sikulijibu.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajautazama mchezo huo, kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Korea Kusini ni nchi ambamo raia wa kawaida haonani na bunduki. Hata mwindaji mwenye leseni huiacha silaha yake kituo cha polisi hadi msimu wa uwindaji ufike. Mtunzi anajiuliza: itakuwaje ikiwa siku moja bunduki zitaanza kuwafikia watu majumbani mwao kama vifurushi vya kawaida? Na zinawafikia akina nani? Zinamfikia mwanafunzi anayeonewa na wenzake, muuguzi anayedhalilishwa na wakubwa wake wa kazi, mama aliyempoteza mwanawe kazini na hakuna aliyejali. Watu waliomeza hasira miaka nenda miaka rudi.

Wakorea wana neno, hwabyeong, ambalo maana yake ya moja kwa moja ni ugonjwa wa moto, na moto huo ni hasira. Waganga wa akili wa Marekani waliliingiza neno hilo katika mwongozo wao wa maradhi mwaka wa 1994. Mgonjwa hulalamika kwamba kifua kinamwaka na kwamba kuna kitu kimemkwama kati ya kifua na koo. Niliposoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini, si kwa dharau bali kwa kutambua. Mswahili naye husema ana donge kooni, au ana fundo moyoni. Husema amemeza hasira, kana kwamba hasira ni tonge. Lugha mbili ambazo hazina undugu wowote, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Mashariki ya Mbali, zimekubaliana kwamba neno lisilosemwa haliyeyuki, bali huganda na kukaa pale pale njiani mwa sauti.

Hadi hapo mtunzi wa Kikorea na mimi tuko pamoja. Tunaachana pale anapowafanya baadhi ya watazamaji, kama kijana wangu wa matatu, waone bunduki kuwa ndiyo sauti iliyopatikana hatimaye. Mlima Elgon unalikanusha hilo kwa ushahidi.

Donge la mlima ule ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wasabaoti walisukumwa kutoka nyanda za Trans Nzoia ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Walipeleka malalamiko yao mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter miaka ya 1930, na mashamba hayo hayakurudi. Uhuru ulikuja. Mwaka wa 1968 nyanda za juu za Chepkitale ziligeuzwa hifadhi ya wanyama, na wakazi wake wakaahidiwa makao mapya chini zaidi, Chebyuk, katika mpango ulioanza 1971. Mpango huo ukawa na awamu tatu, na kila awamu ikazaa orodha, na kila orodha ikawa na majina yaliyoingia na majina yaliyotoka. Mwaka wa 2006, katika awamu ya tatu, waombaji wapatao 7,000 walivikodolea macho vipande 1,732, nusu vya Wasoy na nusu vya Wamosop. Hebu fikiri, msomaji, juu ya mkulima aliyelima shamba kwa miaka thelathini, akaenda kulitafuta jina lake ubaoni akalikosa. Simlaumu kwa hasira yake. Ningemshangaa asingekasirika.

Bunduki ndipo zilipoingia. Kundi lililojulikana kwa kifupi kama SLDF lilijitangaza kuwa mlinzi wa ardhi ya Wasabaoti. Je, risasi zake zilielekezwa kwa nani? Waliozifuta orodha hawakuwa wakiishi Kopsiro wala Cheptais. Aliyekuwepo ni jirani. Kundi lilitoza wanakijiji kodi, likaunda mahakama zake, na wengi miongoni mwa waliouawa na kuteswa walikuwa Wasabaoti wale wale waliodaiwa kulindwa. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kwamba kufikia 2008 zaidi ya watu 600 walikuwa wameuawa, na makumi ya maelfu wakayahama makwao. Kuna adhabu moja ya kundi hilo ambayo kila niifikiriapo hunisumbua kama mwanaisimu: kukata watu masikio. Watu walioanza kwa kulia kwamba hawasikiki waliishia kukata kiungo cha kusikia.

Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi, na shughuli yenyewe ikapewa jina zuri mno, Okoa Maisha. SLDF ilivunjwa, na kiongozi wake wa kijeshi akauawa Mei mwaka huo. Hilo liliwapa watu wengi usingizi waliokuwa wameukosa, na anayelikana hasemi kweli. Lakini wanaume kwa maelfu walikusanywa, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota, na mashirika hayo hayo yakaandika habari za mateso, habari ambazo jeshi lilizikana. Mamia ya watu walitoweka katika miaka hiyo, wengine mikononi mwa kundi, wengine mikononi mwa serikali. Donge la kwanza halikutoka. Liliongezewa la pili.

Miaka miwili iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza insha: "Mtu Ninayemstahi". Msichana mmoja kutoka upande wa mlimani aliandika juu ya babake. "Baba yangu ni seremala. Ana sauti nzito. Anapenda chai isiyo na sukari." Mwishoni mwa insha, kwa sentensi moja tu, alieleza kwamba babake alichukuliwa usiku mmoja wa mwaka wa 2008, yeye akiwa na umri wa miaka mitatu. Mimi, kwa bidii ya mwalimu, niliirudia insha toka mwanzo kwa kalamu nyekundu. "Ni" nikaiandika "alikuwa". "Ana" nikaiandika "alikuwa na". "Anapenda" nikaiandika "alipenda". Pembeni nikaandika: Zingatia wakati uliopita.

Alikuja ofisini siku ya pili. Alisimama mlangoni, akaamkia kwa adabu, kisha akasema, "Daktari, hatujaambiwa kwamba amekufa."

Nilimkaribisha kiti. Akanieleza kwamba mamake mpaka leo hajui kama waliobisha mlango walikuwa watu wa msituni au watu wa serikali, kwani wote walivaa mavazi ya kijeshi. Sheria yetu ya Ushahidi inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba achukuliwe kuwa amefariki, lakini mamake amekataa kwenda kuapa kwamba mumewe ni marehemu. Kwa hiyo shamba halijarithiwa, na jina la babake limebaki pale pale kwenye karatasi. Msichana huyo alinieleza yote bila chozi, kama anayesoma taarifa ya habari. Aliniambia kwamba katika shule zote alizopitia hakuna mwalimu aliyepata kumwuliza.

Walimu wenzangu, hapa ndipo ninapotaka tutazamane. Watoto waliozaliwa katika miaka ile ndio walio mbele yetu leo, kwenye madawati ya kidato cha nne na kwenye kumbi za mihadhara. Mwanafunzi akinyamaza, tunaandika kwenye ripoti kwamba ana nidhamu. Akikasirika, tunaandika kwamba ni mkaidi. Tunamfundisha barua ya malalamiko kama umbo tu, anwani mbili na mtajo, wala hatumpi nafasi ya kulalamikia jambo linalomuuma kweli. Mjadala wa darasani tunauelekeza kwenye maisha ya mjini na ya mashambani, ipi bora, mada iliyochosha hata nzi. Mimi mwenyewe nilikuwa na insha ya mtoto aliyetoa donge lake kooni kwa mara ya kwanza, nikaona nyakati za vitenzi.

Naam, kijana wa matatu, kosa la wanaonyanyasa halipungui hata chembe, na anayekuambia umeze tu hasira anakudanganya. Lakini bunduki haikumsemea mkulima wa Chebyuk. Ilimnyang'anya hata lile neno alilokuwa nalo, kwani baada ya 2008 kila aliyetamka neno ardhi kule mlimani alitazamwa kama mtu wa msituni.

Wapo ambao hawakuliacha neno hilo. Waogiek wa Chepkitale waliendelea na kesi yao kwa karatasi na mashahidi, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba ardhi ile ni yao. Ilichukua zaidi ya nusu karne tangu 1968, muda ambao sithubutu kuuita haki ya haraka. Hukumu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Muhula ujao wanafunzi wangu wataitafsiri kwa Kiswahili, na msichana yule, ambaye sasa yuko mwaka wa tatu, ameomba apewe sehemu inayohusu ushahidi wa wazee. Insha yake ninayo bado. Masahihisho yangu nimeyafuta.