Haya ni ya Nani? Daftari la Kijana wa Ufilipino

Desturi ya magazeti, hapa kwetu na kwingineko, ni kuwasikiliza wakubwa. Waziri akikohoa, kikohozi chake huandikwa ukurasa wa kwanza. Balozi akialikwa chakula, picha yake hutolewa pamoja na sahani. Lakini kijana wa miaka ishirini na minne akikaa akaandika bei ya kitunguu, na jinsi mama yake alivyokwenda ng'ambo kutafuta riziki, ataambiwa anapoteza wino. Leo, msomaji wangu, nataka kumsemea kijana wa namna hiyo. Naye si wa kwetu, ni wa Ufilipino. Na tukifika mwisho wa ukurasa huu utapima mwenyewe kama alilolinena latuhusu sisi watu wa Mwambao au halituhusu.

Kwanza tuijue nchi yake. Ufilipino ni visiwa zaidi ya elfu saba, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata watu milioni 109. Uislamu ulifika katika visiwa vya kusini, Sulu na Mindanao, kabla ya Mhispania. Yeye alikuja katika karne ya 16, akatawala zaidi ya miaka mia tatu, na Waislamu aliowakuta huko akawaita Moro, jina lile lile alilowaita Waislamu wa Maghribi waliopigana naye kwao. Mmarekani alimfuata mwaka 1898, na uhuru ukapatikana 1946. Leo wengi wa raia ni Wakatoliki, na Waislamu ni kama sita katika kila mia.

Hapa Kilindini sura za Wafilipino si ngeni, kwani taifa hilo ni miongoni mwa mataifa yanayotoa mabaharia wengi kabisa duniani. Mmoja wao nilijuana naye kwa njia ya rafiki yangu auzaye mahitaji ya meli. Jina lake sitalitaja, maadamu bado anatafuta mkate wake baharini. Ana daftari, nusu Kiingereza na nusu Kitagalogi, na ile nusu nisiyoijua alinifasiria mwenyewe tukiwa barazani. Si mshairi wala hajidai kuwa mwandishi. Huandika ayaonayo na ayakumbukayo, basi.

Ameandika habari za jipni, magari ya abiria ya kwao ambayo asili yake ni jipu za kijeshi zilizoachwa na Wamarekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ni ndugu wa matatu zetu kwa rangi na kelele. Aghalabu hayana utingo. Abiria aliyekaa nyuma humpa nauli aliye mbele yake, naye humpa wa mbele zaidi, mpaka fedha imfikie dereva. Na chenji hurudi kwa njia ile ile, mkono kwa mkono. Chini ya habari hiyo kijana ameuliza swali moja: fedha hii ndogo yapita mikononi mwa maskini kumi isipungue senti, mbona fedha ya serikali ikipita mikono mitatu ya matajiri hairudi hata chenji?

Ameandika habari za kitunguu. Mwezi wa Disemba 2022 kilo moja ya vitunguu katika masoko ya Manila ilifika peso 700, ikaipita bei ya nyama. Nyanya yake alikuwa akikata kitunguu kimoja kwa siku tatu, na kile kipande kilichobaki akikifunika kwa kikombe kana kwamba ni kito. Mwaka ule ule wa uchaguzi watu walikuwa wamepewa tamaa ya mchele wa peso 20 kwa kilo. Ilipofika Septemba 2023 serikali ililazimika kuweka kikomo cha bei, peso 41 kwa mchele wa kawaida na 45 kwa ulio bora kidogo. Nchi ambayo mtu asipokula wali huhesabu kwamba hajala, nayo ni miongoni mwa waagizaji wakubwa wa mchele kutoka nje!

Na ameandika habari za mama yake, na hapa ndipo sauti yake ilipopungua alipokuwa akinisomea. Mama aliondoka yeye akiwa na miaka sita, akaenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Hakuwa peke yake. Sheria ya kazi ya mwaka 1974, chini ya Ferdinand Marcos, iliifanya shughuli ya kupeleka watu ng'ambo kuwa mpango wa serikali, wakati ambapo nchi za Ghuba zimetajirika kwa mafuta na zahitaji mikono. Hata mwaka 2023 walihesabiwa zaidi ya milioni mbili walioko nje kwa kazi, zaidi ya nusu wanawake, na Saudi Arabia ndiyo iliyopokea wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Fedha walizozituma kwa njia ya benki mwaka 2024 zilizidi dola bilioni 34. Kwa fedha hizo nyumba hujengwa, watoto husoma, na serikali hujisifu.

Mama yake hakuleta bilioni. Alileta katoni. Wenyewe huiita sanduku la balikbayan, yaani la mtu arejeaye kwao: sabuni, nyama ya mkebe, viatu vilivyonunuliwa vikubwa kwa kuwa mguu wa mtoto hautasubiri. Kijana ameandika kwamba kwa miaka mingi harufu ya mama yake ilikuwa ni harufu ya sabuni ya katoni. Ameandika pia: "Mama alijua mtoto wa tajiri wake hula nini na hulala saa ngapi. Mimi alinijua kwa simu." Nao wakubwa wa kwao, tangu miaka ya themanini, wamewapa wafanyakazi hao cheo cha kuwaita mashujaa wapya wa taifa. Kijana hakitaki cheo hicho. Asema mama yake hakwenda vitani, alikwenda kufua nguo. Basi aitwe mfanyakazi, na alindwe kama mfanyakazi.

Kuna ukurasa mwingine utakaowagusa wasomaji wangu. Utotoni alitishwa kwa Mwislamu, kama watoto wetu wanavyotishwa kwa zimwi. Chuo cha ubaharia kikamweka chumba kimoja na kijana wa Mindanao, ambaye alikuwa akiamka alfajiri kusali, akinyata ili asimwamshe mwenzake. Nyumba ya wazee wa kijana huyo ilikuwa Marawi, mji uliogeuzwa vifusi katika vita vya miezi mitano vya mwaka 2017 baina ya jeshi na wapiganaji waliouteka. Tangu kura ya mwaka 2019 Waislamu wa sehemu hizo wana serikali yao ya ndani, Bangsamoro. Lakini kijana wetu hakuyajua hayo kwa siasa. Aliyajua kwa yule aliyenyata gizani. Ameandika kwamba aliona haya.

Na neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wafilipino wana neno lao, hiya. Maana yake ni ile tuijuayo: soni, aibu, kujistahi mbele ya watu. Sidai kwamba hiya yao na haya yetu zina asili moja; lugha hukutana njiani bila ya kuwa jamaa. Lakini tabia ni moja. Kijana wa kwao humshika mzee mkono akauweka kwenye kipaji cha uso wake kwa heshima, kama sisi tunavyoubusu mkono wa mzee. Mtoto wa kwao, kama wa kwetu, hufunzwa kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje.

Sasa sikiliza. Kijana huyu ni wa mkoa wa Bulacan, kaskazini ya Manila, ambako mvua zikija maji huingia nyumbani mwa nyanya yake mpaka magotini. Tangu katikati ya mwaka 2022 serikali ilitumia peso bilioni 545 kwa kazi za kuzuia mafuriko, na sehemu moja kwa tano ya fedha hizo iliangukia mikononi mwa makandarasi 15 tu. Mwezi wa Julai 2025 Rais Ferdinand Marcos, mwana wa yule wa 1974, alisimama bungeni akawaambia walioila fedha hiyo waone haya. Mwezi uliofuata alikwenda Bulacan kuutazama ukuta wa mto ulioandikwa kwamba umekwisha kwa peso milioni 55. Ukuta hakuuona. Tarehe 21 Septemba, siku ambayo Wafilipino hukumbuka utawala wa kijeshi uliotangazwa na baba yake mwaka 1972, maelfu ya watu waliandamana Manila, na vijana walikuwa wengi mno.

Kijana wetu alikuwa baharini siku hiyo. Aliandika hivi: "Sisi tuliolowa ndio tulioona haya. Nyanya hakutaka wageni waone godoro lililolowa. Aliyekula ukuta hakuona haya kujenga ghorofa."

Naam. Mistari mitatu, na ndani yake mna maneno ambayo mimi, kwa miaka yangu hii hamsini na kitu, sijayasikia yakisemwa kwa uwazi zaidi. Haya imetoka mahali pake. Imemwacha mtenda, imemvamia mtendwa.

Nilipoyasimulia haya barazani, mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia: "Bwana, kijana huyo ameivua nguo nyumba yao. Sitara ni bora." Sikumbeza, kwani sitara ni bora kweli, na sisi tulioinukia kwenye mbao za chuoni tumefunzwa kwamba haya ni sehemu ya imani. Mwenye kuzunguka akitangaza aibu ya jirani ni msengenyaji, na kusengenya ni haramu. Lakini chuo hicho hicho kilitusomesha Suratun Nisaa, ambamo mwenye kudhulumiwa amevuliwa katika lile katazo la kuutangaza ubaya. Kusitiri godoro la nyanya ni adabu. Kumsitiri aliyeiba ukuta si adabu, ni kumshikia ngazi mwizi.

Wala Wafilipino hawakulijua hili jana. José Rizal alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano alipochapisha Berlin, mwaka 1887, kitabu chake *Noli Me Tangere*, akieleza maisha ya watu wake chini ya watawa na watawala wa Kihispania. Kitabu kilipigwa marufuku, na tarehe 30 Disemba 1896 Mhispania alimpiga Rizal risasi Manila, naye hajatimiza miaka thelathini na sita. Tangu 1956 sheria yalazimisha kitabu hicho kisomeshwe shuleni. Wenye nguvu walisema ni aibu. Wajukuu wakakifanya somo.

Tena maneno yao hayakuishia katika karatasi. Mwezi wa Machi 1995 mtumishi wa nyumbani wa Kifilipino, Flor Contemplacion, alinyongwa Singapore kwa hukumu ya mauaji ambayo wengi kwao hawakuiamini. Watu hawakufunga milango wakalia kimya. Walitoka, wakaandika, wakapiga kelele, na kabla ya mwaka huo kuisha ilipitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko ng'ambo. Mwaka 2018 maiti ya mtumishi mwingine ilipokutwa Kuwait, serikali yao ilizuia watu kwenda huko, mpaka mwezi wa Mei yalipoandikwa mapatano kwamba tajiri asimnyang'anye mfanyakazi pasi yake. Je, dhuluma imekwisha? Haikwisha. Mama wa kijana wetu angali Riyadh. Lakini ana sheria ya kushika mkononi, na sheria hiyo ilizaliwa na vinywa vilivyokataa kufumbwa.

Nasi je? Mabinti wa Mwambao wamo katika ndege zile zile ziendazo Ghuba. Wako waliorudi na salama yao, wakajenga, alhamdulillahi. Na wako waajiri wenye kumcha Mungu, tusiwapakaze wote tope. Lakini wako waliorudi wamevunjika mkono, au hawalali usiku, au hawakurudi kabisa ila ndani ya sanduku. Tunafanya nini? Tunasoma hitima, tunasema ni riziki yake imekwisha, tunawaambia wadogo zake wasilitaje jambo hilo mbele za watu. Wakala aliyempeleka yuapita mtaa ule ule akitafuta mwingine, na watu humwamkia.

Sisi ni watu wa maneno. Mtoto wa kwetu hutunga shairi kabla hajaota ndevu. Tuna mashairi ya bahari, ya mahaba, ya kusifu na ya kuumbuana. Shida yetu si ulimi. Tumeufunga kwa haya isiyo yetu, haya ya wakala, ya tajiri mdhalimu, ya mtumishi wa serikali aliyegonga muhuri akijua. Hiyo ni yao. Na warudishiwe.

Basi ewe mzazi, ukimkuta mwanao ameinama juu ya daftari akiandika bei ya unga na barua ya dadake aliye Jedda, usimnyang'anye wala usimwambie anaivunjia nyumba heshima. Mfunze mpaka: asitaje siri ya asiyemkosea, asizue, asitukane. Kisha mwache aandike. Na wewe binti uliyerudi, ukiwa na la kusema, lisemee mahali litakaposikiwa, taja mwaka, taja kazi, taja mshahara uliokuwa wako usiupate. Anayestahili kuinamisha uso si wewe.