Wewe Si Jani la Chai: Tuongee Kuhusu Hii Taa Nyekundu

Leo sichekeshi mtu.

Wiki iliyopita muuzaji mmoja wa zile taa nyekundu, zile za kuvaa usoni unakaa kama roboti, alinitumia ujumbe. Alitaka video tatu. Doo ilikuwa poa, siwadanganyi, kodi ya miezi miwili hapa Kericho. Maneno alikuwa ameshaniandikia: taa inaamsha seli, inatibu ngozi, magoti, mgongo, sukari na uvimbe wa ndani. Nikamuuliza uvimbe gani. Akajibu, "Wewe sema tu uvimbe."

Jioni hiyo hiyo Senge akanipigia kutoka Sotik. Baba mdogo ana miezi mitatu ugali haupiti. Anasukuma na maji, anashika kifua, anaacha sahani. Na kumbe kuna mahali amekuwa akienda kuwekewa taa nyekundu shingoni, mara mbili kwa wiki, 1,500 kila kikao. Pesa ya bonasi ya majani. Na bonasi yenyewe ni hii ya huku kwetu, mnajua vile wenzetu wa Mlima Kenya hutushinda.

Kabla mnirukie kwa komenti: sisemi mwanga ni uongo. Mwaka 1903 daktari wa Denmark, Niels Finsen, alipewa tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1967 huko Budapest, Endre Mester aliwanyoa panya, akawamulika kwa leza nyekundu yenye nguvu ndogo, na manyoya yakaota haraka zaidi. Maelezo ambayo wanasayansi wengi wanayategemea ni kwamba ndani ya seli kuna mitokondria, ile mitambo ya kutengeneza nishati, na humo kuna kimeng'enya kinachonyonya mwanga mwekundu, kisha nishati inaongezeka. Kuna ushahidi kiasi kwa nywele zinazopungua na kwa makunyanzi. Na Uingereza, tangu 2018, taasisi yao ya NICE imekubali mwanga huu utumike kuzuia na kutibu vidonda vya mdomo kwa wagonjwa wanaopata matibabu ya saratani. Hiyo ni kazi ya maana.

Lakini ona vile wanaruka. Kutoka "seli ya ngozi imepata nishati" mpaka "uvimbe umeisha", hapo katikati kuna nini? Hakuna kitu. Kuna bei tu.

Na manze, seli ya saratani pia ni seli. Kama taa yako inaamsha seli zote, niambie inajuaje ya kuamsha na ya kuacha ilale. Hospitalini huo mwanga wa mdomo unapimwa: nguvu kiasi gani, dakika ngapi, umbali gani. Ukizidisha, faida inapungua. Hiyo taa ya mjini haina hata kibandiko cha kuonyesha nguvu yake. Mwanga mwekundu huingia milimita chache tu kwenye ngozi. Umio la baba mdogo liko nyuma ya koo la hewa, linashuka kifuani mpaka tumboni. Mnamulika nini? Kola ya shati?

Jani la chai ndilo lina haki ya kuchangamkia taa nyekundu. Lina klorofili, linanyonya nyekundu na bluu, linaturudishia kijani, ndiyo maana kutoka Kericho mpaka Bomet unaona zulia. Wewe huna klorofili.

Halafu kuna ule mstari wa "imepitishwa na FDA ya Marekani". Mara nyingi maana yake ni kwamba kifaa kinafanana na kingine kilichokuwa sokoni tayari. Si kwamba kimethibitishwa kutibu kila kilichoandikwa kwenye boksi. Hapa Kenya uliza kama kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, uone vile muuzaji atabadilisha stori.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii si Los Angeles. Hapa ni eneo ambalo saratani ya umio inajulikana kwa jina. Madaktari walichapisha mwaka 2010 ripoti ya wagonjwa 109 wa saratani hiyo waliopatikana Tenwek, pale Bomet, wote wa miaka 30 kushuka chini. Rika letu. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Sasa mfikirie vile kogo anakuwekea chai na anakucheka ukisubiri ipoe. Hata mursik yetu, utafiti wa 2013 uliikuta na asetaldehaidi, kemikali inayoshukiwa. Ukitaka kuongea kuhusu afya ya seli huku kwetu, anzia kwa kikombe. Lakini nani atanilipa kwa video ya "acha chai ipoe"?

Kuna mtu ataniambia hospitali ni ghali, taa ni ya watu wa chini. Piga hesabu: 3,000 kwa wiki, wiki nane, ni 24,000. Na siku zinaenda, na ugali bado haupiti. Lakini kitu kimoja nakubali. Senge aliniambia kule kwa taa wanamsalimia baba mdogo kwa jina, wanamketisha, wanamuuliza amelalaje. Zahanati aliyoanzia walimpa dawa ya asidi bila hata kumtazama usoni. Mwenye taa anauza kile foleni haitoi.

Nilimjibu yule muuzaji kwa neno moja. Akaniambia nina roho ya umaskini.

Jumanne tunampeleka baba mdogo kwa kipimo cha kamera. Tutapanda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Senge amesema atabeba chai kwenye flaski, nimemwambia aifungue mapema.