Kuta Zenye Nakshi na Hifadhi ya Barabara

Mhariri Mheshimiwa,

Naomba kueleza jambo linalotuhuzunisha sisi wakazi wa Hanang na jirani zetu wa Mbulu. Hapa Katesh, kando ya barabara kuu itokayo Babati kwenda Singida, palikuwa na ukuta wa duka uliochorwa Mlima Hanang kwa rangi ya samawati, na chini yake ng'ombe wenye nundu pamoja na mchungaji wa Kidatoga aliyejifunga rubega. Na asubuhi moja tulikuta usoni pa mchungaji yule herufi X nyekundu, alama ya kubomoa kilicho ndani ya hifadhi ya barabara, rangi ingali ikichuruzika.

Sipingi sheria. Hifadhi ya mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara kuu, imewekwa kwa maslahi ya umma, na bango limzibalo dereva macho ni hatari dhahiri. Lakini insafu yataka nakshi ipambanuliwe na tangazo la biashara, na mchoraji apewe ilani kabla ya hukumu.

Huko Kondoa, si mbali nasi, michoro ya miambani iliyoachwa na wahenga iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Basi nazisihi halmashauri za Mbulu na Hanang zitenge kuta nje ya mita hizo, ili wachoraji wetu nao wafanye kazi kwa idhini, pasipo hofu, na wajukuu wetu wapate cha kurithi.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Katesh